Gesijoto za jiji, mkaa wa Kilosa

Gunia la mkaa likishushwa Mbagala alfajiri, kufikia saa nne limeshaivisha maharage ya mama ntilie. Lakini mti ulikatwa Kilosa au Handeni, na tanuri likafukiwa na kutoa moshi wake huko huko. Basi gesijoto za gunia hilo, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, ni za nani?

Mwongozo wa kimataifa wa GPC wa mwaka 2014, unaotumiwa na majiji mengi kupima gesijoto, huiandika kaboni dayoksaidi ya kuni na mkaa pembeni, nje ya jumla. Msitu ukipotea, hasara inahesabiwa pale uliposimama. Dar es Salaam inayokula mkaa inaonekana safi kuliko ilivyo, na wilaya maskini inabaki na deni.

Hilo peke yake linawapa nguvu wanaosema halmashauri zetu zisibebeshwe kazi ya kupima gesijoto. Na wana hoja nyingine. Mto Msimbazi ukifurika, watu wa Jangwani wanadai mfereji, si jedwali la gesijoto, na afisa mazingira anayetakiwa kulijaza ndiye huyo huyo wa taka, kelele na vibali. Tena Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, likiingiza umeme wa maji kwenye gridi, hesabu ya jiji inashuka bila madiwani kugusa chochote. Sifa hiyo si yao.

Pamoja na hayo, mimi naegemea upande wa kupima, na kinachonivuta huko ni dampo. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni za jikoni na sokoni. Zikirundikana kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi na kuoza bila hewa zinatoa methani, ambayo kilo moja hupasha joto kama kilo 28 hivi za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Hapa hakuna wa kusingiziwa: uzoaji na dampo viko mikononi mwa halmashauri. Kinachohitajika kwanza ni mizani getini. Lori likihesabiwa kwa tripu, lililojaa na lililobeba nusu ni sawasawa. Likipimwa, mkurugenzi anajua methani ya kukadiria na anajua pia kama mzabuni analipwa kwa alichobeba. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande. Kila tani ya maganda inayopelekwa huko haiozi dampo, na kwa mizani faida hiyo inaonekana kwa tarakimu.

Kwa hiyo halmashauri ianze na yale inayoyaamua yenyewe, habari za gridi iiachie Wizara. Mkaa tu ndio nisingekubali uachwe pembeni. Hati za kusafirishia mazao ya misitu tayari zinaonyesha magunia mangapi na yametoka wapi. Mengi hupita bila hati, ni kweli, lakini hata hayo machache yakiingizwa kwenye ripoti ya jiji, Kilosa itakuwa na karatasi ya kuweka mezani inapodai Dar es Salaam ichangie kupanda miti.