JSPI imepita, sawa, ila C ni ile ile

JSPI (JavaScript Promise Integration) ni njia ya kuifanya WebAssembly, au wasm, ile kodi ya mashine inayoendeshwa na brauza, isimame ikisubiri promisi ya JavaScript. Programu ya C ukiikompaili iwe WebAssembly inakuja na tabia zake za zamani, inaita fread kusoma faili, inakaa hapo hapo kusubiri data, ikipata ndo inaendelea na mstari unaofuata. Brauza haina habari na mtindo huo, ukiita fetch kuvuta data mtandaoni unapewa promisi na jibu litakuja likija, ukilazimisha kusubiri kwenye thredi kuu ukurasa mzima unaganda.

Miaka yote dawa ilikuwa Asyncify. Inaandika upya kodi iliyokompailiwa ili kila fankisheni inayohusika iweze kuhifadhi hali yake, itoke, halafu baadaye irudishwe pale ilipoachia. Inafanya kazi, sikatai, ila mara nyingi faili linanenepa kwa kama 50% na spidi inashuka. Sasa JSPI imefika hatua ya 4 ya usanifishaji wa WebAssembly Aprili 2025 na Chrome 137 ikaiwasha kwa wote. Unafunga fankisheni ya JavaScript kwa WebAssembly.Suspending, ile ya kuingilia kwenye wasm unaifunga kwa WebAssembly.promising, basi, kusimamisha na kuendeleza anashughulika injini ya brauza mwenyewe na kodi yako haiguswi.

Wapo wanaosema tumekimbilia kiraka. Hoja yao ni kwamba JSPI inajua promisi tu, na watu wa Go au Kotlin wenye korutini zao (fankisheni zinazoweza kusimama na kuendelea) wanahitaji kubadilisha steki, yaani rekodi ya fankisheni zilizoitwa na bado hazijaisha, ndani ya wasm kwenyewe, na hilo ni pendekezo lingine linalosogea taratibu. Ni kweli, lakini sioni kwa nini mwenye kodi ya C ya zamani aendelee kubeba faili nene akisubiri shida ya mwingine itatuliwe, haya mawili hayagombanii nafasi moja. Hata ile sheria kwamba ukitaka kusimama na katikati kuna fremu ya JavaScript (fankisheni yake iliyoitwa na bado haijaisha) unatupiwa era ya SuspendError, watu wanailalamikia ila mi naiona ina faida, JavaScript ya watu haitakiwi kusimamishwa katikati bila yenyewe kujua.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kuingia mara mbili. Chukua kitufe cha kuhifadhi: mtumiaji kabonyeza, kodi imeanza kuandika, ikasimama kusubiri promisi. Ukurasa uko hai si ndo tulichotaka, kwa hiyo anabonyeza tena, na C inaingia upya kwenye fankisheni ile ile wakati ya kwanza haijamaliza, bafa ya globali, yaani sehemu ya memori wanayoshiriki wote, ni moja, zote mbili zinaichezea. Asyncify ukiijenga na ukaguzi umewashwa inakukatalia kabisa oparesheni mbili kwa mpigo, JSPI inaruhusu. Halafu kuna ile steki nyingine ambayo C inaiweka kwenye memori ya kawaida ya wasm, injini haiijui kama ni steki, kwa hiyo ya kwanza ikiamka kabla ya pili kuisha na kompaila haijajipanga, moja inaweza kuandika juu ya vitu vya mwenzake na hupati era yoyote, data tu inaharibika kimya kimya.

Kiwango chenyewe siwezi kukilaumu kwa hilo, hakijui kodi yako inavumilia nini. Hapa ni kazi ya Emscripten, kompaila ya C kwenda wasm, na wenzake, kwa maoni yangu kuingia mara mbili kungekuwa kumefungwa tangu mwanzo, anayetaka afungue mwenyewe kwa flagi.