Mchuzi wa Makopo na Mjomba wa Lushoto

Mjomba wangu analima karoti Lushoto. Naomba ulishike hilo mapema, maana huko mbele utataka kujua kwa nini mtu mzima mwenye mke na mtoto alikuwa anatetemeka mbele ya sufuria.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari. Mama watoto yuko kwenye kicheni pati Kibaha, simu imezimwa. Mimi na binti yetu Zawadi, wa chekechea, tumebaki nyumbani Mwananyamala tunakunywa chai na mkate, hatuna ugomvi na mtu. Simu ikaita.

"Mjomba! Niko Chalinze hapa, basi limesimama watu wanachimba dawa. Naja kulala kwako. Kuna dalali pale Mabibo ananizungusha hela yangu tangu kabla ya Krismasi."

Nikamwambia karibu sana mjomba, nyumbani ni kwako. Nikakata simu, nikaangalia jikoni. Jikoni kulikuwa na mchele.

Kutoka Chalinze mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi hazifiki kilomita 100. Ukiweka na foleni ya Kibaha, kisha daladala mpaka kwetu, nilikuwa na saa mbili na nusu, tatu kama Mungu angeniongezea lori bovu barabarani. Hapo ndipo nikakumbuka makopo. Mwezi Desemba ofisini walitupa kapu la sikukuu, na badala ya mafuta na sukari tulizozoea, safari hii mtu fulani aliyeona mbali kuliko sisi akatujazia makopo ya mboga. Hayakuguswa. Mke wangu aliyasukuma nyuma ya kabati akisema hayo ni ya siku ya vita. Nikaona vita imefika: nyama naibandika, makopo nafungua, namwaga, mchuzi mzito tayari, mjomba anakuta sahani mezani.

Buchani nikaomba kilo ya steki. Muuza nyama alinitazama mara moja tu akajua nyumbani kwangu leo anapika mwanaume. Akanikatia kilo ambayo nusu yake ni mfupa, na hiyo nusu nyingine ni ya ng'ombe ambaye, kwa ugumu wake, nadhani alitembea kwa miguu kutoka Shinyanga. Presha kuka tunayo, ila ringi yake ya mpira Zawadi aliifanya bangili ikapotea. Nikatumia sufuria. Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, moto. Mpaka hapo nilikuwa mpishi.

Nikafungua kabati. Makopo sita yamejipanga, yote uchi. Hakuna karatasi hata moja. Ni bati tupu linalong'aa.

"Zawadi! Karatasi za makopo ziko wapi?"

"Nimempelekea mwalimu."

Akaleta daftari. Kazi ya nyumbani: kata na ubandike picha za mboga na matunda. Picha sita zimekatwa vizuri na kubandikwa kwa gundi, na chini yake kalamu nyekundu imeandika "Vizuri sana" na kuchora nyota. Njegere, karoti, mahindi matamu, uyoga, mboga mchanganyiko, na pichesi. Kwa hiyo nilijua kila kitu kilichomo kabatini kwangu, isipokuwa kipi ni kipi.

Nikajipa moyo. Tano kati ya sita ni mboga, uwezekano uko upande wangu. Tatizo lililofuata ni kwamba nyumba yetu haina kifungulio. Kopo pekee tunalolijua ni la maziwa, ambalo unalitoboa matundu mawili kwa kisu maisha yanaendelea. Nikajaribu kisu. Kopo likapata mkwaruzo, kisu kikapata kona. Kilikuwa kile kisu cha mke wangu cha kukatia samaki, lakini hayo ni mambo ya ndoa, tuyaache.

Nyama inachemka, nikaingia kwenye simu kutafuta namna. Niliyoyakuta huko hayakunituliza. Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, alilipwa faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa kugundua namna ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia ndani ya chupa na kukichemsha. Mwaka huohuo Peter Durand akaandikisha Uingereza hataza ya kutumia vyombo vya bati. Safi. Kifungulio sasa? Ezra Warner wa Marekani aliandikisha chake mwaka 1858. Hesabu mwenyewe. Karibu nusu karne watu wana makopo na hawana cha kuyafungulia, wanapiga patasi na nyundo. Hivi kile kikao cha kwanza hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza?

Ila nikapata dawa: ukingo wa kifuniko umekunjwa, na ukiusugua kwenye saruji ule mkunjo unalika mpaka kifuniko kinaachia. Saruji iko nje, kwenye kizingiti cha geti. Na getini kwetu, tangu tuhamie, lipo genge la Mama Rehema.

Nikachuchumaa, nikageuza kopo kichwa chini, nikaanza. Kruu, kruu, kruu. Watoto wakajaa. Kijiwe cha bodaboda kikanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona, hata mwenge ulipopita.

"Kaka, unanoa nini hapo?"

"Nanoa njegere."

Mama Rehema akaweka chini nyanya aliyokuwa anaifuta. "Baba Zawadi, njegere si hizi hapa? Zimeshamenywa. Karoti nazo zimeshuka alfajiri kutoka Lushoto."

Mtu mwenye akili angenunua. Lakini nilikuwa nimeshasugua nusu kopo, jasho linatiririka, na kijiwe kizima kinatazama. Nikamwambia asante mama, mimi nina haraka. Akaniangalia kwa muda. Akarudi kwenye nyanya zake.

Kopo lilipoachia, liliachia lote kwa mpigo. Nusu ya maji ya chumvi yakaishia kwenye suruali. Lakini ndani zilikuwa njegere kweli! Kijiwe kikapiga makofi. Nikakimbia nazo jikoni nikazimwaga sufuriani, nikarudi nje nikiwa shujaa.

"Umeziweka sasa hivi?" Mama Rehema akauliza. "Nyama imeiva?"

"Bado kabisa."

"Za kopo zilishaivia humohumo ndani, baba. Zinapashwa tu mwishoni. Sasa utakunywa uji wa kijani."

La pili nililisugua kwa mkono wa kushoto maana wa kulia ulishakataa. Mahindi. Hayo nikayaweka pembeni, nimeshaelimika. La tatu nikalipeleka kwa fundi seremala wa kona ile, nikamwambia naomba patasi na nyundo, tufanye walivyofanya wazee. Yule fundi ni mtu wa kujiamini. Akalitikisa kopo karibu na sikio, akafumba macho.

"Karoti," akasema. "Sikia inavyogonga. Vipande vikubwa."

Akapiga patasi, tundu likatoka. Tukachungulia: rangi ya machungwa. Akanitazama kwa jicho la nilikwambia. Harufu hatukuipata, maana alikuwa anapaka kitanda vanishi na pua zetu zilishafungwa. Nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikarudi nyumbani mbio, nikamimina maji yote ya lile kopo kwenye mchuzi, kwa hoja kwamba supu ya karoti haitupwi. Karoti zenyewe zikagoma kutoka tunduni. Nikapanua kwa kisu kilekile, si kimeshaharibika. Zikadondoka kwenye bakuli nusu nne za pichesi, laini, zinang'aa, zimelowa sukari.

Nikaonja mchuzi. Ulikuwa mtamu wa kunywea na skonzi.

Nikaongeza chumvi, ukawa mtamu wenye chumvi. Nikakamua ndimu. Nikatupa pilipili mbuzi mbili nzima, kisha ya tatu nikaipasua. Nikamwaga mahindi. Nikakoroga nikiomba. Njegere hazikuwepo tena. Walichobakiza marehemu ni ngozi zao na rangi ya nguo za jeshi. Kitu kimoja tu kilichokuwa sawa ni nyama: kwa muda wote niliokuwa nje nasugua bati, yule ng'ombe wa Shinyanga alichemka mpaka akalainika kabisa.

"Hodi hapa!"

Mjomba. Begani ana kiroba kilichofungwa lumbesa, shingo imeongezwa kwa kamba, kimevimba mpaka hakipiti mlangoni kwa kunyooka. Nyuma yake Mama Rehema amesimama geti limefunguka, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nimewaletea mboga kidogo." Akakitua. Karoti, njegere, hoho, na juu kabisa, ndani ya gazeti, pichesi.

Tukakaa mezani. Akanawa, akasali, akamega wali, akachovya. Akatafuna taratibu sana. Zawadi alikuwa ameshaambiwa asiseme kitu, kwa hiyo alikuwa anatabasamu tu.

"Mjomba, naona mahindi. Hii rangi ya kijani ni nini?"

"Njegere."

"Ziko wapi?"

"Zimeyeyuka."

"Na kuna utamu wa karoti?"

"Haikuwa karoti, mjomba."

Akachovya tena. "Pichesi," akasema. Ana miti yake nyuma ya nyumba, mtu huyo humdanganyi. Nikaanza kueleza habari za daftari, patasi na Wafaransa, lakini hakuwa ananisikiliza. Alishajaza sahani ya pili. Alipofika ya tatu akataka kuonyeshwa hayo makopo.

Akaligeuza moja, akasoma tarehe zilizogongwa chini. "Hii inaisha muda baada ya miaka miwili?"

"Ndiyo."

"Na mboga imo ndani tangu mwaka jana?"

"Ndiyo, mjomba."

Akaliweka mezani, uso umebadilika. "Karoti yangu ikichelewa siku tatu njiani, dalali ananiambia imenyauka, anakata nusu ya bei. Hii imefia humu mwaka mzima, na mtu kailipia bei kamili!" Usiku ule hakuongea kingine. Mke wangu aliporudi, mjomba alimsifia mchuzi mpaka akamwomba ampikie tena kesho yake, na mimi nikaangaliwa kwa namna ambayo haikuhusu mchuzi, ilihusu kisu.

Jumatatu asubuhi akaondoka kwenda Mabibo, kopo moja kalitia kwenye mfuko wa rambo. Alitaka, alisema, dalali amweleze ile hesabu ana kwa ana.

Saa sita alikuwa amesharudi, hela yote mfukoni, hadi ile ya mzigo wa Novemba ambayo alishaisamehe.

"Ulimwambiaje?"

"Sikuwahi kumwambia kitu. Nimekaa, nikaliweka mezani kwake ili nianze kueleza. Akaniuliza ni nini, nikamwambia hata mimi sijui, mpaka lifunguliwe. Akauliza nimetoka nalo wapi, nikamwambia naitwa fulani, natoka Lushoto. Akalitikisa kidogo, likagonga ndani." Mjomba akajimiminia chai. "Sasa mimi nitajuaje watu wa Dar wanafikiria nini kuhusu watu wa Tanga? Akaenda kwenye droo mwenyewe."