Kibali cha droni kisisubiri mafuriko

Kila masika ni yale yale. Mto ukishavunja kingo, droni ya kwanza kupaa ni ya mtu anayetafuta watazamaji YouTube: watu wamekaa juu ya mapaa wakisubiri mtumbwi, naye kawawekea muziki wa huzuni. Timu ya uokoaji, yenye marubani waliofunzwa, iko ofisini inasubiri barua ya kibali. Tena kwetu Tanzania barua mbili, ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na ya Wizara ya Ulinzi.

Sisemi kibali kifutwe. Nepal, baada ya tetemeko la Aprili 2015, wageni walirusha walivyotaka mpaka serikali ikabana wote. Na helikopta ya uokoaji huruka chini. Droni ikigonga rafadha ya mkia, tuna maafa mawili.

Kibali kitolewe kiangazi, basi! Kwani nani hajui kwamba Rufiji hufurika? Septemba andika majina ya marubani, namba za droni, mipaka ya eneo, kimo kisizidi mita 120, na masafa ya redio. Siku ya maafa ibaki simu moja kwa mratibu wa anga, na sharti lisilo na mjadala: ukisikia helikopta, shusha. Malawi, wakishirikiana na UNICEF, walitenga anga ya majaribio ya droni Kasungu tangu 2017. Wana utajiri gani kutuzidi?

Maana kazi yenyewe, kupiga picha za kuunganishwa kuwa ramani ya mafuriko, ina ucheleweshaji wake. Droni ndogo ya rafadha nne hukaa hewani kama dakika 25. Toa akiba ya betri ya asilimia 30, unabaki na 17 hivi. Kila picha isipoingiliana na jirani yake kwa asilimia 75 au zaidi, ramani inatoka na matundu, hasa juu ya maji, ambako programu haipati alama za kuunganishia picha. Kwa hiyo beba betri sita, jenereta, kompyuta yenye RAM ya kutosha, na ukubali kukesha ukichakata. Intaneti ikikatika, kadi ya kumbukumbu inapanda bodaboda. Ongeza siku nne za kusubiri mihuri, unampelekea mkuu wa wilaya ramani ya maji yaliyokwishahama.

Unahofia nyuso za watu kupigwa picha? Kutoka mita 120 humtambui mtu. Hao wa muziki ndio hushuka mpaka mita 10. Watozwe faini ya kuuma.

Jeshi nalo, haya, lina haki ya kuhofia kambi zake. Zichorwe kwenye kibali kama maeneo marufuku, droni iwekewe uzio wa GPS, yaani mpaka wa kwenye programu ambao haiwezi kuuvuka. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta.