Wali kuku wa semina na dawa ya presha ya mama mkubwa

Ishu ya makampuni ya dawa kuwapa madokta zawadi ikiibuka watu wanakimbilia kutaja bahasha na safari za nje, ndio maana dokta wa kawaida anajitetea kirahisi tu, mimi bahasha sijawahi kupokea, nilikula wali kuku kwenye semina ya kampuni, sasa wali kuku utanifanya nimwandikie mgonjwa dawa mbaya? Na mi namuamini kabisa. Ila wali hauifanyi dawa iwe mbaya, unachofanya ni kubadilisha jina linalokuja kichwani kwanza akishika kalamu.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti Marekani, madokta karibu 280,000, wakalinganisha nani kalishwa na kampuni gani na anaandika dawa gani. Mlo wenyewe kwa wastani haukufika dola 20. Dola 20 jamani! Waliolishwa mara moja tu kuhusu nebivolol, dawa ya presha, waliiandika zaidi ya wenzao, na waliolishwa siku nyingi wakazidi tena. Sawa, haithibitishi kwamba chakula ndio sababu, labda anayeipenda dawa ndio anayekwenda kuisikiliza, hilo nakubali. Lakini kampuni inapiga mahesabu, haiwezi kulisha watu miaka nenda rudi kama hairudishi hela yake. Na hayo yalijulikana kwa sababu sheria yao ya 2010 inalazimisha kampuni kutangaza imempa dokta gani nini, sisi huku Dodoma hatuna pa kuangalia.

Mama mkubwa wangu alikuja toka Mvumi na hela ya ulezi aliyouza, akaandikiwa dawa ya presha kwa jina la biashara ambalo kampuni imeipa, wakati mwongozo wa taifa wa matibabu unataka jina la dawa yenyewe. Famasi moja pale Majengo binti akamwambia, bibi hii ipo nyingine, dawa ni ileile, bei kama robo hivi. Akakataa, dokta ndio kaandika hii. Akafungua kitambaa akahesabu noti mara mbili, akanunua za wiki mbili badala ya mwezi, zilipoisha akakaa bila dawa.

Upande wa pili una hoja, siupuuzi. Dokta wa wilayani anatakiwa apate pointi za mafunzo ndio leseni ihuishwe, na anayemletea projekta na habari ya dawa mpya mara nyingi ni mtu wa kampuni, ukimfukuza nani analipia ukumbi? Swali zito hilo. Ila kwa sasa anayelipia ni mama mkubwa, maana gharama ya ule wali iko ndani ya bei ya kidonge, bora serikali na vyama vya madokta vibebe hayo mafunzo hata kwa chai na maandazi.

Mwezi ujao anarudi kliniki. Nimemwambia amuulize dokta ile dawa jina lake lenyewe ni lipi, akasema anaona aibu kumuuliza dokta, kwahiyo naenda naye.