Anayebanwa ni mnywaji wa kikombe

Mwandishi mmoja anasema saa za baa zibanwe zaidi na ushuru wa bia upandishwe ili kuokoa vijana. Naomba atuangalie pia sisi tunaolinda mageti usiku. Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti vileo hapa Kenya, inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, hadi saa tano usiku. Saa hiyo ya kufungua ndiyo ninayovaa sare. Nikitoka asubuhi, kikombe kimoja cha keg, bia ya pipa ya bei nafuu, kabla ya kulala kinanifanya mhalifu. Mwenye gari hununua katoni supamaketi akainywea sebuleni kwake, na hakuna polisi anayebisha hodi. Mimi nimewahi kupandishwa gari la polisi na wenzangu wanne, na aliyekuwa na mia tano akashushwa njiani. Mimi sikuwa nayo.

Kuhusu ushuru, tulishaona. Mwaka 2013 serikali ilipunguza nusu ya nafuu ya kodi ya Senator, bia hiyo ya keg iliyoanzishwa 2004 ili mtu wa kipato changu aachane na chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Bei ikapanda, wateja wakatoweka. Hawakuacha pombe, jamani! Walienda kwa mama pima, muuza chang'aa. Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye methanoli, kemikali ya sumu, huko Embu, Kiambu na kwingineko, na wengine wakapofuka.

Ulevi umeharibu nyumba nyingi mtaani kwetu, sikatai. Lakini kagueni kinachouzwa kwenye vichochoro kwanza, kisha ndiyo mje kwenye kikombe changu.