Acheni kuwatishia watoto sindano

Huku Mtwara mtu mzima akianguka kwa kuona sindano majibu ni mawili tu, ama ni muoga ama ana jini, na mimi yote mawili nayakataa. Nina jamaa yangu wa Mikindani, mvuvi, anatoka baharini usiku upepo unavuma na hana wasiwasi, anapasua taa na papa damu imemfika kwenye viwiko wala hajali, ila mpeleke akapimwe damu uone. Akifungwa tu ule mpira mkononi jasho linamtoka, midomo inapauka, hafu huyo chini. Sasa muoga gani anavua usiku?

Kinachomtokea ni mwili wake, ana fobia ya damu na sindano, fobia yaani hofu kali inayomshinda mtu. Fobia nyingine kama ya nyoka, ya urefu au ya kupanda pantoni, moyo unaenda mbio na presha inapanda, mtu anataka kukimbia. Hii ya damu na sindano iko tofauti, presha inapanda kidogo halafu inashuka ghafla, damu inayofika kwenye ubongo inapungua na mtu anazimia, haigizi. Tena inatembea kwenye ukoo, ukimuuliza mwenye nayo mara nyingi atakwambia mama au mjomba naye yuko hivyo hivyo. Kwahiyo jeni zimo, na ndani ya ubongo kuna kisehemu kinaitwa amigdala ambacho kinastuka na hatari kabla hata wewe hujajua unaogopa nini.

Ila jeni peke yake haitoshi, na hapa ndo nina ugomvi na sisi wazazi. Mwaka 1920 kule Marekani mwanasaikolojia John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walichukua mtoto mchanga ambaye alikuwa haogopi panya mweupe, wakawa kila akimgusa yule panya wanagonga chuma kwa nyundo nyuma yake, mpaka ikafika mahali akimuona panya tu analia, na hofu ikahamia kwa sungura na vitu vingine vya manyoya. Unyama kwa kweli, na hofu ile hawakumtoa. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake wakaonyesha kwamba hata kuumwa sio lazima, kima waliokulia maabara hawaogopi nyoka, lakini wakimuona kima mwenzao anamuogopa nyoka na wao wanaanza kuogopa. Walipofanya hivyo hivyo kwa maua haikushika. Yaani kuna vitu tumezaliwa tuko tayari kuviogopa, ndo maana mtoto anamuogopa nyoka wa kwenye picha lakini bodaboda zinazotuvunja miguu kila siku anazikimbilia akacheze nazo.

Sasa kaa kwenye benchi la kliniki yoyote asubuhi usikilize. Mtoto analia njaa, bibi yake anamwambia nyamaza, ntamwita nesi akuchome. Mwingine anagusa mlango, "dokta huyo anakuja na sindano kubwa". Nesi mwenyewe akipita watoto wote wanajificha kwenye khanga za mama zao na hajamgusa hata mmoja. Huku pwani ukiongeza na zile habari za mumiani za wanyonya damu, mtoto anakua anajua kabisa anayetoa damu mtu ni adui. Akirithi na ule mwili wa kuzimia, umeshammaliza. Bibi nawaheshimu sana ila hili hapana.

Na kinachoilea fobia ni kukwepa. Ukikimbia unapata nafuu palepale, ubongo unaamini umepona kwa sababu umekimbia, kesho unakimbia mapema zaidi. Ndo jamaa yangu anavyokaa na homa nyumbani kisa hataki kupimwa malaria, wakati kipimo chenyewe ni tone moja la damu kwenye kidole. Waganga wameshakula hela yake ya kutosha na sindano anaiogopa vilevile.

Dawa yake ni kuisogelea hofu kidogo kidogo, bila kushikwa kwa nguvu na watu wanne. Kwenye hii ya damu kuna mbinu ya mwanasaikolojia Lars-Göran Öst wa Sweden, ukiona dalili unakaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kama sekunde 10 mpaka 15 hadi usikie uso unapata joto, unaachia kama nusu dakika, unarudia mara kadhaa, hiyo inazuia presha isishuke. Mkono wa kuchomwa ndo usiukaze. Watu wengi wanaambiwa "tulia, legeza mwili", kwa fobia nyingine sawa, kwa hii kulegea kunaweza kukuangusha haraka zaidi. Kwahiyo ukifika kupima mwambie nesi mapema kwamba huwa unazimia, omba ulale kitandani kabla hajafungua sindano, na ukiwa na mtoto mwambie ukweli, itauma kidogo na itaisha, mimi nipo hapa.