Saa Elfu Moja Bila Mshahara: Kwa Nini Wanagenzi wa Lishe Marekani Wanapaswa Kulipwa

Katika wiki ya tano ya unagenzi wangu nilikabidhiwa mgonjwa mahututi aliyekuwa akipumua kwa mashine na kulishwa kwa mrija uliopitishwa puani. Nilikaa na kikokotoo karibu nusu saa nikipiga hesabu ya nishati aliyohitaji kwa siku, nikachagua chakula cha majimaji chenye kalori 1.2 kwa kila mililita, nikapendekeza kipitishwe mililita 60 kwa saa, yaani kalori 1,728 kwa saa 24. Msimamizi wangu aliisoma karatasi yangu bila kusema neno, akaniongoza hadi kando ya kitanda na kunionyesha chupa ya dawa nyeupe kama maziwa iliyokuwa imening'inizwa juu ya mgonjwa. Akaniuliza ni kitu gani. Nikamjibu kuwa ni propofoli, dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Akaniuliza tena: imechanganywa na nini?

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Dawa ile imetengenezwa ndani ya mafuta, na kila mililita yake humpa mgonjwa kalori 1.1. Kwa kuwa ilikuwa ikiingia mwilini kwa kasi ya mililita 20 kwa saa, mgonjwa alikuwa akipokea kalori 528 kwa siku ambazo sikuzihesabu hata moja. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma darasani, na swali lake nilikuwa nimelijibu sawasawa kwenye mtihani, lakini nilipofika kitandani macho yangu yalikuwa kwenye mrija wa chakula peke yake. Tangu siku ile siingii chumba cha mgonjwa wa aina hiyo bila kuangalia kwanza kila kitu kinachoning'inia.

Nimeanza na kisa hiki ili msomaji asije akadhani kwamba ninaupinga unagenzi wenyewe. Ninaamini kwa dhati kwamba hakuna mtu anayepaswa kuandikiwa jina la mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa kabla ya kusimama mbele ya wagonjwa halisi, chini ya jicho la mtu anayejua zaidi yake. Ninachokipinga ni kwamba mwanagenzi hufanya kazi hiyo bila mshahara, na juu ya hilo huilipia karo.

Kwa wasomaji walioko nyumbani Kenya, utaratibu wa Marekani ni huu. Mwanafunzi husoma masomo ya lishe katika programu iliyopewa ithibati na baraza liitwalo ACEND, kisha hukamilisha mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi yasiyopungua saa 1,000. Kabla ya viwango vya mwaka 2022 yalikuwa saa 1,200. Saa hizo hugawanywa kati ya wodi za hospitali, jiko kuu linalopikia wagonjwa, na huduma za jamii kama vile WIC, mpango wa serikali unaowapa chakula na ushauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Akimaliza huruhusiwa kufanya mtihani wa tume ya usajili, CDR, wenye maswali kati ya 125 na 145, na hufaulu akipata alama 25 kwa kipimo kinachoishia 50. Tangu tarehe 1 Januari 2024 kuna sharti jingine: hakuna anayeruhusiwa kufanya mtihani huo kwa mara ya kwanza bila kuwa na shahada ya uzamili.

Sharti hilo la uzamili lina watetezi wenye hoja nzito, na sitalijadili kwa urefu hapa. Ninasema tu kwamba lilipoongezwa, gharama ziliongezeka upande wa mwanafunzi peke yake, kwa sababu zile saa 1,000 zilibaki kuwa kazi isiyo na malipo kwa walio wengi. Mwanagenzi hulipa karo ya programu, hulipa bima ya makosa ya kikazi, hulipia chanjo na uchunguzi wa rekodi ya polisi, hununua mavazi ya kazi, na katika miji mingi hawezi kufika kituoni bila gari. Mimi nilikuwa wodini Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi na Jumapili nikifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo Wakenya wengi wa huku tunaijua vizuri kwa kuwa ndiyo iliyotupokea tulipofika. Kuna Jumatatu niliyoanza nikiwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu, na ninakiri bila kujificha kwamba mtu aliyelala muda mfupi hivyo hapaswi kupiga hesabu ya chakula cha mgonjwa mahututi.

Kupata nafasi yenyewe nako ni mtihani. Kwa miaka mingi katika muongo uliopita, takriban nusu tu ya walioomba ndio waliopangiwa nafasi, na waliobaki walikaa na shahada zao wakisubiri msimu mwingine. Wengine, nikiwamo mimi, tulijiunga na programu za masafa ambazo humtaka mwanafunzi ajitafutie wasimamizi mwenyewe. Niliandika barua pepe 34 kwa hospitali na kliniki, nikajibiwa 6, nikakubaliwa na 3. Mwenzangu ambaye mama yake alikuwa muuguzi mkuu katika hospitali ya mjini kwao alizipata nafasi zake zote kwa simu mbili. Simlaumu hata kidogo, kwani kila mtu hutumia mlango alio nao, lakini huwezi kuuita utaratibu wa haki ule unaomtegemea mama wa mtu.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Karibu na mwisho wa mafunzo hufika kipindi ambacho mwanagenzi huachiwa wodi aishughulikie kama mwajiriwa, msimamizi akiwa karibu kusoma na kutia sahihi. Kwangu kilikuwa cha majuma matatu, na kilisadifu na likizo ya mtaalamu wa wodi ya upasuaji. Niliona wagonjwa wanane hadi kumi kwa siku, nikaandika kumbukumbu zao, nikahudhuria mizunguko ya madaktari, nikabadilisha maagizo ya chakula. Hospitali haikumwajiri mtu wa muda kuziba pengo lile, kwa sababu pengo lilikuwa limezibwa. Mtaalamu aliyekuwa likizoni alilipwa, kama ilivyo haki yake, na mimi niliyekuwa mahali pake nililipa karo ya muhula huo huo. Sina kinyongo naye. Nina kinyongo na mpango ulioliona jambo hilo kuwa la kawaida.

Watu wengi hunijibu kwamba hayo ni masomo, na masomo hulipiwa. Lakini daktari aliyemaliza chuo na kuanza mafunzo yake ya wodini katika nchi hii hii hupokea mshahara, na serikali kuu huchangia gharama hizo kupitia Medicare, bima ya afya ya wazee. Naye pia anajifunza, naye pia husimamiwa, na hakuna anayesema kwamba kujifunza kwake kunamwondolea haki ya kula. Hata ndani ya taaluma yetu iko mifano: hospitali za wanajeshi wastaafu huwapa wanagenzi wao wa lishe posho, na jeshi huwalipa wa kwake kama maofisa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na limekwisha kufanyika kwa wachache. Nyumbani Kenya tuliona mwaka 2024 madaktari wakigoma kwa siku 56, na moja ya hoja kuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mtu anaweza kutofautiana na ule mgomo, lakini mzozo ulikuwa juu ya kiasi cha malipo, na msingi wa kwamba mwanagenzi anastahili kulipwa ulikuwa umekwisha kukubalika.

Nadhani sababu moja ya tofauti hii ni ya kihistoria. Chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilianzishwa Cleveland mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa juhudi za wanawake kama Lenna Cooper na Lulu Graves, na mpaka leo zaidi ya watu tisa kati ya kumi katika taaluma hii ni wanawake. Kazi ya chakula ikifanywa na mwanamke, watu huiona kama mwendelezo wa jiko la nyumbani, na jiko la nyumbani halina mshahara. Hayo ni maoni yangu, na nayasema nikijua kwamba wapo wasimamizi wangu wa zamani watakaoyakataa.

Hasara ya mpango huu haiishii kwa mwanagenzi. Weusi ni karibu asilimia 3 tu ya wataalamu wa lishe waliosajiliwa nchini humu, na wagonjwa wa figo na kisukari tunaowahudumia hawako katika uwiano huo hata kidogo. Sheria inakitaka kila kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo kiwe na mtaalamu wa lishe, na ni katika kituo cha namna hiyo, katika jiji moja la katikati ya Marekani lenye wakimbizi wengi kutoka Kongo, nilipokutana na mama mmoja wa Kivu Kusini ambaye potasiamu yake, madini ya chakula ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa kwenye damu, ilikuwa imekataa kushuka kwa miezi minne. Mwezi ule ilikuwa 6.3, nasi hutaka isipite 5.5, kwa sababu ikipanda sana moyo unaweza kusimama.

Katika faili lake kila mwezi kulikuwa na maneno yale yale: amepewa elimu, hafuati ushauri. Nilivuta kiti nikakaa karibu na mashine, nikamsalimu, "Jambo, Mama." Alinigeukia kwa mshangao, akaniuliza natoka wapi, na nilipomwambia natoka pwani ya Kenya, Kilifi, akashika mkono wangu kwa mkono wake usiokuwa na sindano. Nikamuuliza kuhusu chakula. Akanihesabia kwa vidole: "Viazi niliacha. Machungwa niliacha. Ndizi niliacha. Sasa munataka niache nini ingine, mwanangu?"

Karatasi aliyopewa ilikuwa na viazi, machungwa na ndizi mbivu, na yote ameyaacha kweli. Sombe, yaani majani ya muhogo, haikutajwa, wala ndizi za kupika, wala nyanya za kopo. Nikamwomba anieleze anavyopika, hatua kwa hatua, kama anavyomfundisha binti. Sombe aliichemsha na kumwaga maji ya kwanza ili kuondoa uchungu, kama alivyofundishwa na mama yake, na mwendo huo huo hupunguza potasiamu, kwa hiyo hapo nilimpongeza. Nikamuuliza chumvi. Akasema chumvi mbaya alikatazwa na daktari, na kijana wake akamnunulia nzuri. Alikuwa na picha ya kabati la jikoni kwenye simu, tukaikuza kwa vidole mpaka maandishi ya kopo yakasomeka: kloridi ya potasiamu. Alikuwa akiitia kwenye kila chungu, kwa nia njema kabisa, akiamini anatii.

Mwezi uliofuata kipimo chake kilikuwa 5.2. Sikufanya jambo lolote lililohitaji kipaji. Nilikuwa na lugha yake, nilijua chungu chake kinavyofanana, na nilikuwa na dakika arobaini ambazo mtaalamu mwenye wagonjwa zaidi ya mia moja hanazo. Watu wenye lugha hiyo na kumbukumbu hiyo ya jiko wapo wengi katika vyuo vya hapa, na wengi wao huishia njiani wanapofika kwenye saa 1,000, kwa kuwa hawana mtu wa kuwalipia kodi ya nyumba kwa karibu mwaka mzima.

Ninajua upande wa pili wa jambo hili pia. Msimamizi naye kwa kawaida halipwi chochote cha ziada. Hubeba wagonjwa wake wote na mwanafunzi juu yake, na tume ya usajili humhesabia saa chache tu kati ya zile 75 za mafunzo endelevu anazodaiwa kila miaka mitano. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza humchelewesha. Ndiyo maana sidhani kama mzigo wa posho unaweza kutupwa kwa kituo kimoja kimoja kisicho na fedha. Uwekwe pale ulipowekwa ule wa madaktari, katika mfuko wa umma unaolipia matibabu ya watu hawa hawa, na chama chetu kiusukume bungeni kwa nguvu ile ile kilichotumia kudai shahada ya uzamili.

Mwezi ujao nitasimamia mwanagenzi wangu wa kwanza. Ni dada aliyezaliwa Burundi na kukulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Anafanya kazi ghalani usiku, na zamu yake huisha saa kumi na moja alfajiri, wakati wagonjwa wetu wa kwanza wanaanza kuunganishwa kwenye mashine. Nimemwomba meneja aniruhusu nimpokee saa tatu badala ya saa kumi na mbili, na amekubali. Atapata saa tatu za kulala kabla hajaanza kusoma vipimo vya damu, na kwa sasa ndicho nilichoweza kumpatia.